Genge

Hati ya mashtaka ina kurasa kumi na moja.
Shtaka la kwanza: kuongoza genge la uhalifu.
Genge la mteja wangu mimi nalijua,
lipo Buguruni, nyuma ya mashine ya kusaga,
meza ya mbao za kreti, turubai limetobolewa na jua,
nyanya zimepangwa mafungu, nne nne,
ya tano ndogo juu, kama kofia.
Hilo ndilo aliloliongoza Zamda Mpili
miaka kumi na tisa.

Shtaka la pili: kula njama.
Nimepekua maelezo ya mashahidi nijue walikula nini.
Walikula chapati na maharage, siku nyingine mihogo,
Jumapili ya mwisho wa mwezi,
watu tisa mkeka mmoja,
kila mtu elfu hamsini ndani ya beseni,
na anayeondoka na beseni ndiye mwenye zamu.
Mtaani tunauita mchezo.
Mwenye daftari tunamwita kijumbe.
Mpelelezi ameandika: kinara.

Mshtakiwa wa sita, Fundikira, karani wa stoo Kurasini,
alileta hamsini yake kama wenzake.
Nyaya za shaba alizouza usiku
hazikuacha harufu kwenye noti,
na noti haiulizwi kwao wapi.

Simu zao zimesomwa hadi mifupa.
Tarehe tatu: "Mzigo umeingia, njooni mapema."
Nyanya za Ilula, kreti saba, mbili zimeoza.
Tarehe tisa: "Leo tummalize Mama Sauda."
Wakammaliza: alikuwa anadai laki moja.
Tarehe kumi na mbili: "Futa hiyo."
Hapa sina jibu.
Nimemuuliza mara mbili.
Anatazama vidole vyake.

Kisutu tumekwenda mara kumi na nne.
Mara kumi na nne wakili wa Serikali kasimama
kasema upelelezi haujakamilika,
kwa utulivu, kama mtu anayesema mvua bado.
Dhamana hakuna. Shtaka la tatu ni kutakatisha fedha,
na hilo huja na kufuli lake.
Kule Buguruni mafungu anapanga bintiye,
tatu tatu sasa. Kofia haipo.

Safari hii wameleta karatasi ya makubaliano:
akiri, alipe milioni sita, Idi imkute nyumbani.
Nikaipeleka Segerea. Kazi yangu kumsomea,
si kumsukuma, ingawa nilisoma haraka
pale palipoandikwa "kwa hiari yake."
Alisikiliza yote. Akauliza:
"Nikikubali kwamba nilikuwa na genge la wezi,
lile la nyanya nitaliitaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa vifungu.
Nikavitoa hivyo hivyo: njama ni makubaliano,
makubaliano yanataka nia,
nia haipimwi kwa beseni.
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwonea huruma
mtoto aliyekariri vizuri.

Kisha akausogelea wavu, akashusha sauti.
"Huku ndani tumeanza na sabuni.
Tupo saba. Kila Jumamosi kila mtu anatoa kipande,
tunakata kwa uzi, mmoja anaondoka na vyote.
Yule wa Mbagala alipofiwa na mama yake
tulimsogeza, akapokea kwanza,
akafua kanga yake ya msiba.
Kijumbe ni mimi."

Askari magereza akatazama saa.
Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi
na sikutaka igusane nayo.
Saba. Kiongozi. Mgawo. Siku maalumu.
Nilisikia hati nzima ikijiandika upya kichwani,
kwa mwandiko wangu mwenyewe.

"Mama Zamda," nikamwambia, "tafadhali,
majina yao usiyaandike popote."

Akanitazama kwa muda.
"Mwanangu, bila daftari
huo si mchezo tena.
Huo ndio wizi."